CG 125 iliyotoka kijiweni: tulichobadilisha, na kwa nini hatukugusa pistoni

Mzee alifika gereji, Mbezi Mwisho, Jumamosi mchana. Akazima injini, akabaki ameikalia pikipiki. Nilidhani anasikiliza simu. Kumbe alikuwa anasubiri mguu wa kulia upate nguvu ya kupita juu ya siti. Aliposhuka alikunja na kukunjua vidole mara kadhaa kabla ya kunipa mkono.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, fundi. Nimeambiwa unaweza kuniongezea mwendo."

Anaishi Kibaha, Maili Moja, anafanya kazi Magomeni. Anatoka nyumbani saa 11 alfajiri ili awahi kabla Morogoro Road haijajaa, na jioni anarudi kwenye foleni pamoja na watu wote. Ni zaidi ya kilomita 30 kwenda, na nyingine kama hizo kurudi, siku tano au sita kwa wiki. Ana miaka 54 na kilo 78. Pikipiki aliinunua mkononi kwa kijana wa bodaboda aliyekuwa amemaliza mkataba wake na kupata nyingine. Fundi mmoja alishamshauri aweke pistoni ya 150, yaani kubwa zaidi, ya kuifanya injini iwe ya cc 150, na mzee alikuwa amekwishaanza kuweka hela pembeni.

Nikamuuliza mwendo anaoutaka ni upi. Akafikiri kidogo. "Nikifika sabini inaanza kutetemeka mpaka mikono inakufa ganzi. Napunguza. Halafu daladala zinanipita kwa karibu mno, naogopa. Nikipata sabini na tano ya kutulia, inanitosha."

Jibu hilo ndilo lililoamua kazi yote iliyofuata. Pikipiki yake ilikuwa na uwezo wa kufika sabini na tano, tena na ziada kidogo. Tatizo lilikuwa kwamba yeye hawezi kukaa juu yake ikiwa kwenye mwendo huo.

Nilichokikuta

Injini ni ya muundo wa CG 125, ile ambayo wengi tunaijua kupitia pikipiki za Kichina. Asili yake ni Honda, iliyoitoa CG125 mwaka 1976. Haina cheni ya kuendesha kamshafti (mhimili wa kufungua valvu) juu kwenye kichwa. Kamu iko chini, na vijiti virefu ndivyo vinavyosukuma valvu. Silinda ina upana wa milimita 56.5 na pistoni inasafiri milimita 49.5, na hapo ndipo zinapopatikana zile sentimita za ujazo 124. Ni injini iliyotengenezwa kwa ajili ya watu wanaochelewa kubadilisha oili, na nina heshima kubwa nayo. Ukiipa nafasi sahihi ya tepeti (uwazi mdogo kati ya valvu na kinachoisukuma) na oili safi, inazeeka taratibu sana.

Niliiendesha mwenyewe hadi Kibamba na kurudi. Nyuma ilikuwa inaruka kwenye kila kiraka cha lami kana kwamba haina shokapu kabisa. Usukani ulikuwa unatetemeka kuanzia sitini. Nilipoachia mafuta ekzosi ilipiga vishindo vidogo vidogo. Breki ya mbele ilikuwa ya kubembeleza. Siti ilikuwa ndefu, imenyooka, imefunikwa kwa plastiki inayoteleza, hivyo kila nikishika breki nilikuwa nateleza mbele hadi kwenye tangi, halafu najirudisha nyuma kwa nguvu ya mikono. Fanya hivyo mara mia mbili kutoka Kibaha hadi Magomeni uone mabega yatakwambia nini.

Tuliporudi gereji nikachukua daftari na tepu. Haya ni baadhi ya niliyoandika:

Nyuma kulikuwa na shokapu nne. Mbili ni zake, mbili zimechomelewa vishikio na kuongezwa. Sproketi (magurudumu ya meno yanayobeba cheni): ya mbele meno 15, ya nyuma 42. Tairi la nyuma la meno makubwa ya barabara za vumbi, likiwa na upepo wa 45 psi (kipimo cha shinikizo la upepo). Siti imejazwa sponji ngumu na kuinuliwa. Ekzosi imetolewa kibati cha ndani ili ilie. Usukani mpana umepinda kidogo upande wa kushoto.

Nikamwambia mzee asogee aone. Hakuna hata kimoja katika orodha ile kilichofanywa na mjinga. Kijana aliyemuuzia alikuwa anabeba mkaa na abiria wawili kwenye njia za ndani za Kibaha, na kwa kazi ile kila alichofanya kilikuwa sahihi. Ukiwa na magunia mawili nyuma, shokapu mbili za kawaida zinakaa chini kabisa, kwa hiyo unaongeza. Ukipanda kilima cha mchanga ukiwa na mzigo, meno 42 yanakuokoa, maana meno mengi nyuma yanaongeza mvuto na kupunguza mwendo. Upepo wa 45 unazuia tyubu kubanwa na rimu kwenye shimo. Siti ndefu na ngumu inabeba abiria wawili bila kuzama. Pikipiki hii ilikuwa imeshafanyiwa marekebisho, na mtu aliyeyafanya aliijua kazi yake. Ila sasa imepandwa na mtu mmoja wa kilo 78, peke yake, kwenye lami.

Hapo ndipo niliposimama kuhusu pistoni. Sisemi pistoni ya 150 haiongezi nguvu. Inaongeza. Kutoka 56.5 kwenda 62 unapata ujazo wa karibu 149, na mlima utausikia. Lakini silinda ile haiingii hivi hivi. Mdomo wa bloku ya chini lazima upelekwe kwenye mashine ya kukereza upanuliwe, na ukishapanuliwa haurudi. Pistoni yenyewe ni nzito zaidi, wakati uzito wa kusawazisha ulioko kwenye krenki umewekwa kwa ajili ya ile ndogo. Kwa hiyo mtu anayelalamikia ganzi ya mikono utakuwa umemwongezea mtetemo. Breki zinabaki zilezile. Na kadi ya pikipiki imeandika ujazo wa injini. Siku ya ajali bima itakapouliza maswali, sitaki mteja wangu awe ndiye wa kuyajibu.

Kwanza nyuma

Nilianza na shokapu, kwa sababu ndiyo kazi ambayo matokeo yake mteja anayasikia kabla hajatoka getini.

Kuna kipimo kimoja ambacho ningependa kila fundi wa pikipiki akifanye, kwa kuwa hakihitaji kifaa chochote zaidi ya tepu. Inua tairi la nyuma lining'inie. Pima kutoka nati ya ekseli hadi alama utakayoiweka kwenye ukingo wa siti. Kisha mwenye pikipiki akae, na buti zake na begi lake, mtu mwingine akiwa ameshika usukani. Pima tena. Tofauti ya vipimo hivyo inakwambia spring zinazama kiasi gani chini ya mtu huyu. Shokapu za aina hii zinaruhusu tairi kusafiri kama milimita 75, na mtu akikaa nataka zizame robo yake mpaka theluthi, yaani kati ya milimita 19 na 25. Zikizama kiasi hicho, tairi lina nafasi ya kushuka ndani ya shimo na nafasi ya kupanda juu ya tuta.

Mzee alipokaa, nyuma ilizama milimita 6.

Maana yake ni kwamba tairi lilikuwa haliwezi kushuka likaifuata barabara. Likikuta shimo, pikipiki nzima inaanguka ndani pamoja na mtu, na kinachopokea kishindo ni uti wa mgongo. Nilikata vishikio vilivyochomelewa nikavisugua kwa jiwe, nikaondoa zile shokapu mbili za ziada. Zile za asili nazo zilikuwa zimekufa: ukizibonyeza kwa mkono zinarudi juu ghafla bila kizuizi, mafuta yameshatoka siku nyingi. Tukanunua jozi mpya ya kawaida, siyo ya mzigo. Mzee akakaa tena: milimita 22, kirekebisho cha spring kikiwa kwenye daraja la pili.

Bushi za swingamu (mkono wa chuma unaoshika tairi la nyuma) zilikuwa zimelika kiasi kwamba ukishika tairi ukalitikisa pembeni unasikia mlio. Zikabadilishwa. Tairi la nyuma tukaweka la lami, saizi 3.00-18, upepo 28 psi, na mbele 25. Hilo la upepo nililisema mara mbili na kuliandika kwa rangi nyeupe kwenye swingamu, kwa maana vijana wa kujaza upepo barabarani wana mazoea ya kujaza kwa ajili ya mzigo, hawaulizi. Upepo wa 45 chini ya mtu mmoja unalifanya tairi kuwa gumu kama gogo, na sehemu inayogusa lami inakuwa ndogo zaidi.

Meno, na kosa langu

Sasa mtetemo. Pistoni ikipanda na kushuka inaivuta na kuisukuma injini nzima, na nguvu hiyo haiongezeki sambamba na mizunguko. Mizunguko ikiwa mara mbili, nguvu inakuwa mara nne. Ndiyo maana pikipiki ya silinda moja inaweza kuwa tulivu kabisa kwenye hamsini halafu kufika sabini ikageuka kinu cha kusaga.

Kwa meno 15 na 42, na tairi lile, injini hii ikiwa gia ya tano kwenye kilomita 70 kwa saa inazunguka karibu mara 6,700 kwa dakika. Ukiweka 38 nyuma badala ya 42, mwendo uleule unaupata kwa mizunguko kama 6,050. Ni pungufu ya asilimia tisa na nusu. Lakini kwa hesabu ile ya mara mbili kuwa mara nne, nguvu inayotetemesha inashuka kwa karibu asilimia 18. Ukitumia hela ya sproketi moja umeigusa mikono ya mzee, matumizi ya petroli na uhai wa injini kwa pamoja. Hii ndiyo sababu nasema kwenye pikipiki ndogo starehe na mwendo havitengani. Mtu akija kuomba kimoja, mara nyingi nusu ya jibu iko kwenye kingine.

Nikaweka 38. Cheni mpya ya saizi 428, kwa sababu cheni iliyorefuka kwa kulika ikikalia sproketi mpya inaitafuna ndani ya miezi michache. Ukipunguza meno manne cheni inahitaji kufupishwa kwa pingili kama mbili, la sivyo ekseli inarudi nyuma mpaka mwisho wa nafasi yake na hubaki na pa kukazia baadaye. Nikakaza ikabaki na mchezo wa milimita 25 mahali inapobana zaidi. Mzee akaondoka.

Jumatano akarudi. Hakukasirika, ila alikuwa na huzuni ya mtu aliyetoa hela yake. "Fundi, nyuma nimelala kama kwenye gari. Lakini imekufa nguvu. Kile kilima cha Kibamba nilikuwa napanda na tano, sasa inakoroma."

Sehemu ya jibu ilikuwa rahisi: ukirefusha gia kwa kupunguza meno ya nyuma, kilima ulichokuwa unapanda na tano sasa unapanda na nne, na hakuna ubaya wowote. Lakini nilipoijaribu mwenyewe nikaona ana haki. Hata gia ya nne ilikuwa inavuta kwa uzembe. Kosa lilikuwa langu. Nilirefusha gia kabla ya kuiponya injini. Nilisikia vile vishindo vya ekzosi siku ya kwanza, nikaviandika hata kwenye daftari, halafu nikaviacha kwa kuwa hamu yangu ilikuwa kwenye meno. Kwa 42 injini iliyokuwa inapata mafuta pungufu ilijificha, maana ilikuwa inazungushwa kwa kasi wakati wote. Nilipoipa gia ndefu, udhaifu wake ukajitokeza.

Nikatoa plagi: nyeupe kama chaki. Injini yenye mchanganyiko mzuri inaacha plagi na rangi ya kahawia hafifu. Nyeupe maana yake ni hewa nyingi, petroli kidogo, joto kali. Kijana alipotoa kibati cha ekzosi ili ilie, moshi ukawa unatoka kirahisi zaidi na kabureta ikabaki ilivyokuwa. Juu ya hayo, mpira unaounganisha kabureta na kichwa ulikuwa umepasuka upande wa chini, pasipoonekana, na ulikuwa unavuta hewa ya ziada. Huo mpasuko niliupata kwa kunyunyiza maji ya sabuni injini ikiwa inanguruma: mahali panapovuta, povu linanywewa na ngurumo inabadilika.

Nikaweka ekzosi nzima yenye kibati chake, iliyotumika lakini haijatobolewa. Mpira mpya. Kabureta ikaoshwa, jeti zake (vitundu vya kupitishia petroli) zikapulizwa kwa upepo. Kuna mafundi wanaochokonoa jeti kwa waya, nawaomba waache, kwa sababu tundu la jeti ni kipimo na waya unalipanua. Chujio la hewa likabadilishwa. Tepeti zote mbili nikaziweka milimita 0.08 injini ikiwa baridi kabisa, imelala usiku mzima. Moja ilikuwa imebana kiasi kwamba bati la kupimia halikupita. Plagi mpya ya D8EA.

Mzee alipanda kile kilima na gia ya nne bila kukoroma, na siku ambayo hana upepo wa mbele anasema anapanda na ya tano. Naamini kama ningefuata mpangilio sahihi, angeokoa siku tatu za wasiwasi.

Mikono

Ganzi yake ilikuwa kwenye kidole cha mwisho na kile cha pete. Neva ya vidole hivyo inapita kwenye kisigino cha kiganja, upande wa nje. Kwa hiyo nilimwangalia anavyokaa. Usukani ule mpana uliopinda ulimfanya auegemee kwa kisigino cha kiganja, na zile levya za klachi na breki zilielekea juu mno, kwa hiyo viganja vilikuwa vimekunjika kwa nyuma muda wote.

Usukani mpya, mwembamba kidogo, umeinuka sentimita tatu zaidi na kurudi nyuma kuelekea kwake. Levya nikazishusha mpaka vidole vikanyooka kwa mstari mmoja na mkono kuanzia kwenye kiwiko. Kila mwisho wa usukani nikaingiza kipande cha chuma kizito kilichokerezwa, kama gramu 250 hivi, kikabanwa kwa mpira. Uzito ule haupunguzi mtetemo wa injini. Unachofanya ni kuubadilisha mwendo ambao usukani wenyewe unaitikia, ukahama kutoka sabini ukaenda mahali ambapo mzee hakai. Na jambo la aibu kwa mafundi wote walioishika pikipiki hii kabla yangu, na kwangu pia kwa kutoligundua siku ya kwanza: nati mbili za kufungia injini kwenye fremu zilikuwa zimelegea. Injini ilikuwa inacheza ndani ya fremu. Dakika kumi za spana.

Siti ilituchukua mara mbili. Fundi wa kushona alikata ile sponji ngumu, akaweka laini, akatengeneza kidaraja ili mzee asiteleze. Siku ya kwanza mzee alisifia mpaka akaleta soda. Siku ya tatu akasema akifika Kimara anasikia bati. Sponji laini ni tamu kwa dakika kumi, baadaye inakandamizwa yote unabaki umekaa kwenye chuma. Mara ya pili tuliweka tabaka mbili: chini sponji nzito iliyotolewa kwenye kiti cha gari, sentimita tano, juu yake laini ya sentimita mbili, na kitambaa kigumu kisichoteleza. Sehemu ya mbele imepunguzwa upana ili miguu ifike chini bila mapaja kubanwa. Hiyo ipo mpaka leo.

Breki nazieleza kwa kifupi, ingawa nilizifanya kabla ya kumruhusu kwenda zaidi ya sitini. Brekishuu mpya mbele na nyuma, dramu zikasuguliwa, waya mpya uliopakwa oili. Mtu fulani alikuwa ametoa ule mkono mdogo wa dramu ya mbele akausogeza meno mawili ili shuu zilizolika ziendelee kushika. Ukifanya hivyo unaficha tu kulika kwa shuu. Nikaurudisha alama yake ilipo. Golori za shingo ya usukani zilikuwa na vishimo, usukani ulikuwa unajifunga katikati. Zikabadilishwa pia.

Baada ya miezi mitatu

Nilimwomba mzee ajaze tangi mpaka mdomoni kila Jumatatu kwenye kituo kilekile na aandike. Mwanzo alikuwa anapata kilomita 33 kwa lita. Sasa anapata kati ya 42 na 44. Sehemu kubwa, kwa maoni yangu, imetokana na kuziba hewa na kurekebisha tepeti, sehemu imetokana na meno na upepo wa tairi. Siwezi kuzitenganisha kwa sababu nilizifanya karibu pamoja.

Anakwenda sabini na tano kutoka Kiluvya hadi Mbezi. Ganzi bado inamjia jioni akiwa amekaa kwenye foleni muda mrefu na klachi mkononi, lakini asubuhi haipo. Mgongo anasema unauma siku ya Ijumaa tu. Ana miaka 54, sikumwahidi zaidi ya hapo.

Hela iliyotumika yote, vifaa na ufundi, ilibaki chini ya ile aliyotajiwa kwa pistoni peke yake, na kile alichoweka pembeni kilichobaki kilinunua kofia ngumu mpya, maana ya zamani kioo kilikuwa kimekwaruzika mpaka taa za magari alfajiri zilikuwa zinamtawanyikia machoni.

Alichopoteza ni kubeba. Mkewe akipanda nyuma na mizigo ya sokoni, nyuma inazama zaidi ya milimita 40, na kwenye tuta inagonga. Nilimwambia siku hizo apandishe kirekebisho cha spring hadi daraja la mwisho na upepo wa nyuma ufike 32, kisha arudishe Jumatatu. Zile shokapu mbili na sproketi ya 42 zilikaa ukutani wiki moja, kijana wa mkaa wa Kiluvya akazichukua.

Shokapu za mbele bado hatujazigusa. Sili ya kushoto imeanza kuvuja oili, na mbele inapiga mbizi kupita kiasi sasa kwa vile breki inashika. Atakuja Jumamosi ya kwanza ya mwezi, tuzifungue zote mbili na kubadilisha mafuta kwa kiasi kilekile kila upande.